Mvua Ndogo ya Wimbo wa Tatu

Jumapili, 4 Machi

Dada mpendwa,

Leo ni Jumapili, tarehe nne ya mwezi wa tatu, na naapa kukueleza kila kitu bila kuficha hata kimoja, hata vile vinavyonitia aibu. Mwalimu wetu wa lugha anasema barua nzuri huanza kwa kumjulia mwenzako hali, kwa hiyo: hujambo? Sisi hatujambo. Adabu nimeshazimaliza, sasa naanza.

Radi Kavu walipiga jana!

Unakijua chumba cha kazi cha Mama. Mapipa ya kufulia upande huu, kamba za nguo upande ule, na mwishoni meza ya pasi, imebanwa kwenye ukuta ambao ng'ambo yake ni jukwaa la klabu. Jana mchana niliona gari likishusha masanduku meusi yenye pembe za chuma, na juu ya moja pameandikwa jina la bendi, RADI KAVU, kwa rangi nyeupe iliyochuruzika. Nikarudi ndani mbio, nikamwambia Mama nitapiga pasi mashuka yote ya nyumba ya wageni, peke yangu.

Mama akasema, "Leo jua limetokea magharibi."

Nikasubiri, pasi mkononi. Dada, dramu zilipoanza sikuzisikia. Zilinifika kifuani kwanza, masikio yakaja kupewa habari baadaye. Kisha gitaa likakwaruza kama mtu anayevuta kabati la chuma juu ya sakafu, na nikiwa bado nashangaa kelele ile, kabati likaanza kuimba. Ni zile zile nyimbo ulizokuwa ukiniimbia ulipokuja likizo, ukinisuka nywele kule uani, lakini nilikuwa sijui kwamba ni kubwa namna hii. Ni kama nilikuwa nimeonyeshwa picha ya mlima, kisha nikafumbua macho nikakuta nimesimama chini yake. Sauti ya Mwangwi, mwimbaji wao, ilipita ukutani bila maneno. Maneno yalibaki kwao, ikapita sauti tupu, na hata hivyo nililia.

Nimeunguza foronya moja. Nilisema nitaeleza kila kitu.

Ila wimbo wa tatu ndio ulionimaliza. Gitaa la besi linabaki peke yake, chini kabisa, mahali ambapo sikujua kwamba muziki unaweza kufika. Na nyuma yake kuna chombo kidogo sana, kinachosikika kama mvua ndogo juu ya bati. Kinakuja besi inaposhuka, kinaondoka besi inapopanda. Nani alifikiri jambo zuri kama lile? Nilisimama nimeweka shavu ukutani, Mama akanikuta.

"Wanasema kuta zina masikio," akasema. "Wangu una binti mzima."

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo roho yangu ilipo. Siku zote mlangoni pa klabu wanataka watu wazima tu. Lakini Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano Radi Kavu watapiga mchana, na sisi wa shule tumeruhusiwa kuingia, mradi kila mmoja aje na mtu mzima wa familia. Mama hawezi, Jumamosi ni siku ya wateja. Nikamtajia watu wote ninaowajua. Akasema, "Mtoto wa dada yangu ndiye ninayemwamini kwenye mambo ya kelele. Aje dada yako, uingie. Asipokuja, ukuta wako uko pale pale."

Kwa hiyo ni wewe au ukuta.

Nao wanakuja mjini kwenu wiki hii! Nenda, Dada, uwaone kwa niaba yangu. Nyundo, yule wa dramu, lazima ni jitu lenye mikono kama magogo. Niambie kama nimepatia. Niambie pia kile chombo cha mvua ndogo kinaitwaje.

Mama anakupigia simu hupokei. Ndiyo maana naandika, na pia kwa sababu haya yote hayaingii kwenye ujumbe wa simu.

Mdogo wako anayekupenda,
Chiriku


Alhamisi, 15 Machi

Chiriku wangu,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya pasi pembeni, kwa hiyo nimeamini habari ya foronya. Msalimie Mama mdogo na umpe pole ya foronya.

Nilikwenda. Nilitoka dukani na vumbi la mbao kichwani, nikaenda hivyo hivyo. Walianza alasiri, jua bado likiingia kwa mlango wa klabu na kufika katikati ya sakafu, na vumbi likielea ndani ya mwanga ule kama limealikwa.

Jitu lako ni mwanamke, na ni mfupi kuliko wewe. Nyundo anakalia mto uliokunjwa ili afikie dramu zake, na nywele amezifunga kwa kamba ya kiatu. Anauinua mkono polepole, kama mtu anayetaka kuua nzi bila kumwamsha mtoto, na mkono unaposhuka huuoni. Unaona tu kwamba sasa uko chini. Nilijaribu kuukamata kwa macho nikashindwa, na unajua mimi riziki yangu ni macho. Bosi hunipa kioo nikikate kwa kukadiria tu, kikaingia kwenye fremu ya picha.

Mpiga besi wanamwita Babu, kwa kuwa ana shungi la mvi kwenye paji la uso, lakini ni kijana. Haangalii vidole vyake hata kidogo. Juu ya spika yake kulikuwa na glasi ya maji, na kila alipogusa waya mnene maji yalichora duara ndani ya duara, mpaka katikati pakainuka kitone, kikasimama. Mdogo wangu, kitone cha maji kilisimama! Niliitazama glasi ile wimbo mzima, nikasahau kama kuna watu wengine duniani.

Mwangwi ndiye anayepiga gitaa na kuimba. Kabla hajaanza huvua viatu, akaviweka sawasawa ukingoni mwa jukwaa, kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu. Nyayo zake ni za mtu aliyetembea sana. Akiimba, mishipa ya shingo husimama, na uso hauna mapambo yoyote wala hauombi upendwe. Nilikaa mbele. Sikutikisika.

Kuhusu kile chombo chako cha mvua ndogo: ni kizuri mno. Aliyekuwa akikipiga sikumwona, nadhani alikaa nyuma ya pazia. Jina la chombo chenyewe silijui.

Mwezi wa tano, tutaona. Fremu ni nyingi, na Bosi siku hizi anasema nimeingiwa na kiburi. Simu yangu ni mbovu, mwambie Mama mdogo asijisumbue.

Dada yako


Jumanne, 20 Machi

Dada mpendwa,

Mwanamke! Na kamba ya kiatu! Nimeisoma barua yako mezani, nikaisoma njiani, nikaisoma nyuma ya kitabu cha hesabu, na Mwalimu wa hesabu akaniuliza jibu nikasema "Kitone kimesimama." Darasa zima likacheka. Sijali. Nilikuwa nasikia bila kuona, sasa naona. Nikifumba macho, ule mkono unashuka.

Lakini Dada, usikasirike nikisema hivi. Umeniambia nywele zao na nyayo zao na maji yao, na hukuniambia hata sauti moja. Mwangwi akiwa karibu, sauti yake ina mikwaruzo au ni laini? Gitaa linauma masikio? Umenipa macho tu. Nipe na masikio.

Nina swali kubwa kuliko yote. Katika wimbo wa mwisho kuna mahali vyombo vyote vinakoma kwa pamoja. Huku kwetu kunakuwa kimya hadi nasikia bomba la Mama likidondoka. Halafu, ghafla, watu wote wanapiga kelele kama waliokuwa wamepotelewa na kitu wakakiona. Ni lazima Mwangwi ananong'ona jambo pale, na mnong'ono haupiti ukutani. Anasema nini? Niambie hilo tu, hata kama mengine huna nafasi.

Umesema "tutaona". Mama akisema tutaona huwa ni hapana iliyovaa vizuri. Ya kwako sivyo, au ndivyo?

Mdogo wako,
Chiriku


Jumatatu, 2 Aprili

Chiriku,

Pale unapopauliza, kila mtu aliinama mbele, klabu nzima, kama majani upepo ukipita. Karibu nami alikuwepo mzee mmoja mwenye kikombe. Kikombe kilikuwa kimefika nusu ya safari ya kwenda mdomoni, kikabaki hewani. Mwanamke mmoja alimshika mumewe mkono bila kumtazama. Mwangwi alisogea mbele ya maikrofoni, midomo ikacheza kidogo, basi. Kisha wote wakalipuka, na yule mzee akajimwagia kikombe chote akacheka. Sijawahi kuona watu wengi wakiwa na uso mmoja.

Alichokisema ni chake na cha waliokuwepo. Kiache.

Mwezi wa tano sitaweza kuja. Tafuta mtu mwingine, mwombe Mama mdogo akubali. Wewe ni hodari wa kuomba.

Soma vizuri. Usiunguze nguo za watu.

Dada yako


Jumapili, 22 Aprili

Dada,

Nimekaa siku nyingi bila kujibu kwa sababu Mwalimu wa lugha anasema barua ya hasira ilale kwanza chini ya mto. Hii imelala. Bado ina joto.

Jana Radi Kavu walipiga tena. Nilikuwa mezani kwangu, na nilikuwa nimejiapiza nisifurahi, kwa sababu yako. Nilifurahi. Nyundo alipoanza nilimwona na ile kamba ya kiatu, nikacheka peke yangu kama mwehu. Ukafika wimbo wa tatu, besi ikashuka, mvua ndogo ikaja, na vinyweleo vyangu vyote vikasimama kama mara ya kwanza.

Akaingia Mama na koti la mteja. Kifungo kimoja hakipo. Akanyoosha mkono rafuni juu ya kichwa changu, akashusha kopo lake la vifungo, akalipakata na kuanza kuchambua.

Mvua ikakatika.

Besi ilikuwa bado inashuka, Dada, ila mvua haikuwepo. Nikafikiri wamebadilisha wimbo. Mama akapata kifungo, akarudisha kopo rafuni, na mvua ikaanza tena.

Nilipanda juu ya kikapu nikaweka kiganja juu ya lile kopo. Kimya. Nikaondoa kiganja. Mvua. Ni vifungo! Rafu imepigiliwa kwenye ukuta ule, besi inautikisa ukuta, ukuta unaitikisa rafu, na vifungo vya mashati ya watu vinacheza ndani ya kopo. Nilipomweleza Mama kwamba muda wote huu nimekuwa nikikisifu kile chombo, na kwamba nimekuandikia wewe juu yake, alikaa chini kwenye mashuka machafu akacheka mpaka akafuta machozi kwa soksi ya mteja. "Mpaka umeuliza jina lake!" akasema. "Kinaitwa Kopo. Amezaliwa jikoni kwangu, alikuwa na majani ya chai."

Nami nilicheka. Kisha nikaacha kucheka.

Kopo hili liko hapa, kwenye rafu yetu. Halijawahi kutoka. Wewe umeandika, kwa mkono wako, kwamba kile chombo ni kizuri mno, na kwamba anayekipiga alikaa nyuma ya pazia.

Kama hukwenda, Dada, ungesema tu kwamba hukwenda. Nisingekasirika. Kazi ni nyingi, ninajua. Lakini nimelala na glasi yako ya maji, nimetembea nayo barabarani, na sasa sijui kama iliwahi kuwepo. Na kama yale umeyatunga, basi na "sitaweza kuja" vilevile sijui maana yake. Labda hutaki kuonekana na mtoto wa shule.

Mama sijamwambia sehemu hii. Nakuomba uniambie ukweli. Mimi nilikuapia nikakueleza hata foronya.

Chiriku


Jumanne, 1 Mei

Chiriku wangu, mdogo wangu,

Nilikwenda. Glasi ilikuwepo, kitone kilisimama. Kila nilichokuandikia nilikiona kwa macho haya.

Sikukisikia.

Nimeandika sentensi hiyo na sasa naiangalia. Wewe ni mtu wa kwanza kujua, ukimwondoa daktari. Sikio la kushoto liliondoka mwaka jana, polepole, kama mgeni asiyeaga. La kulia bado lipo lakini linafuata nyayo za mwenzake. Daktari anasema ni mishipa, wala haina dawa. Usiniletee ile methali ya sikio la kufa, nimeshajiletea mwenyewe na nikacheka peke yangu.

Simu si mbovu. Nikiiweka sikioni, Mama mdogo anakuwa mtu anayeongea ndani ya mtungi. Bosi ananiona nina kiburi kwa sababu ananiita nyuma ya mgongo nami siitiki. Akiwa mbele yangu sina shida, nimejifunza kuisoma midomo yake. Hata akiwa nje ya duka anazungumza na mtu, naisoma kupitia kioo. Hajui ninavyojua mambo yake.

Kuhusu kopo. Uliponiandikia habari ya mvua ndogo nyuma ya besi, niliamini ipo. Nikaketi pale mbele nikiisubiri katika wimbo wa tatu kama mtu anayemsubiri ndugu yake kituoni, wote wanashuka, yeye hashuki. Nikafikiri: basi na hii nayo imeniacha. Nikakubali. Siku hizi nakubali mambo mengi. Mtu akicheka nacheka, akiniuliza nasema ndiyo. Kumbe safari hii nilikuwa navisifu vifungo vya Mama mdogo! Nilipofika hapo kwenye barua yako nilicheka kwa sauti, nadhani, kwa sababu Bosi aligeuka.

Usifikiri sikupata chochote. Sakafu ya klabu ile ni ya mbao. Besi ilipanda kwa nyayo, ikafika magotini, ikafika hapa chini ya mbavu, na kwa muda nilisahau kabisa kwamba nimekosa kitu. Muziki ule ni mkubwa, Chiriku. Hata mabaki yake ni makubwa.

Lakini ukaja ule mnong'ono. Watu wote waliinama, wote wakapokea, nyuso zao zikafunguka kwa pamoja, na katika nyumba nzima ni mimi tu nisiyepewa. Nilisoma midomo yake, ndiyo. Nilipata kitu kifupi, cha kawaida mno, hata nikajua nimekosea. Watu hawawezi kulipuka namna ile kwa ajili ya neno kama lile. Kwa hiyo sikukuandikia. Nikatoka nje nikajiambia, hii ni mara yangu ya mwisho, nimewaaga.

Ndiyo maana siji. Nisingeona haya kuonekana nawe hata kidogo. Ila najua utanigeukia, uso wote unawaka, uniulize, "Dada, umesikia?" Nami nitasema ndiyo. Sitaki uwe mtu mwingine ninayemwambia ndiyo.

Usimwambie Mama mdogo. Atalia kwenye simu, nami sitamsikia.

Dada yako


Jumapili, 13 Mei

Dada mpendwa,

Leo ni tarehe kumi na tatu ya mwezi wa tano, na kile kiapo changu bado kipo. Nitakueleza kila kitu, na safari hii sina cha kuniaibisha ila kimoja, nacho ni ile barua yangu. Nisamehe. Nilifikiri mtu ama amekwenda ama hakwenda. Sikujua kuna namna ya tatu.

Mama sijamwambia. Ameuliza kama unakuja, nikasema nasubiri barua. Huo si uongo.

Sasa sikiliza. (Nimeandika neno hilo kwa mazoea. Nimefikiri kulifuta, kisha nikaona ungenicheka. Sikiliza.)

Radi Kavu wamekuja mapema kujifunza nyimbo mpya, na mashati yao yameletwa kwa nani? Kwa Mama! Nimeyapiga pasi mimi. La Nyundo ni dogo kama la mtoto, na mabegani limechanika mara mbili likashonwa. Jana mchana Mama akaniambia niyapeleke kwa mlango wa nyuma. Mchana haukuwa na onyesho, kwa hiyo hakuna aliyekatazwa.

Dada, nilikuwa nimeapa moyoni kwamba mara yangu ya kwanza kuwaona nitawaona nikiwa nawe. Basi niliingia nikiangalia chini. Nilitembea na mashati matatu mkononi na macho kwenye ncha za viatu vyangu, nikagonga nguzo. Mtu akasema, "Binti, umepoteza nini?"

Nikasema, "Sijapoteza kitu, shikamoo. Nimeleta mashati."

"Marahaba. Na mbona hututazami? Tunatisha?"

"Nimeahidi kuwatazama siku ya Jumamosi ya mwisho."

Wakacheka, na sauti nyingine, ya mwanamke, ikasema, "Babu, mwache, huyu ana nidhamu kuliko wewe." Basi nikajua huyo wa kwanza ni Babu, ingawa sikuliona shungi la mvi. Nikamweleza habari ya kopo. Nilikuwa nimelibeba mfukoni mwa aproni, nikalitoa. Nikasema wimbo wao wa tatu, kwa upande wetu wa ukuta, una mpigaji wa nne.

Babu akalichukua akaliweka juu ya spika yake, akapiga. Mvua ikanyesha palepale. Akapiga tena, akacheka kama mtoto, akamwita Nyundo, na Nyundo akaja (nimeona viatu vyake, ni vidogo, na kimoja hakina kamba!). Wakalichezea lile kopo mpaka nikaogopa vifungo vitakwisha.

Ndipo nikamuuliza lile nililoendea. Nikasema nina ndugu ambaye masikio yake yanamwacha, lakini sakafu inamfikia. Asimame wapi ili apate zaidi? Sikusema jina lako, wala sikusema mji.

Babu hakunipa pole. Alinishika bega akanisogeza hatua chache, akaniambia, "Hapa. Chini ya hapa mbao hazina nguzo, ziko wazi kama ngozi ya ngoma. Hapa hata mimi huja kusimama nikitaka kujua nimepiga nini."

Nikatoa pamba niliyochukua kwenye kikapu cha Mama cha kushonea, nikajiziba masikio, nikalishika kopo kwa viganja viwili. Akapiga.

Sina maneno mazuri ya kukupa, na nimesomeshwa vizuri. Ilipanda. Ilikuja kwa visigino kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa, haina haraka wala haiombi ruhusa. Ikafika chini ya mbavu, pale pale uliposema. Vifungo vikawa vinaruka ndani ya viganja vyangu kimoja kimoja, vikubwa kwa noti za chini, vidogo kwa zile za juu, nikaweza kuvitofautisha. Nilikuwa nasikia kwa mikono. Najua pamba yangu si sawa na yako, kwa sababu yangu niliitoa. Ila nilipoitoa, Dada, muziki ulirudi masikioni ukawa mdogo. Nakuapia. Kwa muda kidogo niliona kama nimepunguziwa.

Bado lipo moja, na hili ndilo lililoninyima usingizi.

Nilipokuwa naondoka niliona nyayo. Tupu, za mtu aliyetembea sana. Ulizieleza vizuri hata ningezitambua sokoni. Nikasema kwa zile nyayo, "Shikamoo, nina swali moja. Katika wimbo wa mwisho, vyombo vikinyamaza, unanong'ona nini? Mimi huwa nyuma ya ukuta, hainifikii."

Mwangwi akasugua unyayo mmoja juu ya mwingine. Kisha akasema, taratibu, "Haimfikii mtu yeyote, mdogo wangu. Sitoi sauti. Nachezesha midomo tu. Kila mahali watu huinama, kila mmoja akidhani wenzake wamesikia, na kila mmoja anaona haya kusema hakupata. Wanapiga kelele kwa sababu wamekaribia kusikia. Kuna neno ninalolisema kweli, lile lile kila mara, lakini hakuna aliyewahi kulipata."

Dada, soma tena hapo. Ukuta wetu haukuwa na kosa. Yule mzee wa kikombe hakusikia. Yule mwanamke na mumewe hawakusikia. Nyumba nzima ilitoka mikono mitupu, na wewe uliyekaa mbele ukadhani umenyimwa peke yako, wewe ndiye uliyetoka nalo.

Nikamwambia, "Nadhani dada yangu analo. Yeye husoma midomo. Alisema ni neno fupi na la kawaida mno."

Zile nyayo zikageuka zikanielekea. Sikuinua macho, ingawa nilitaka sana. Sauti ikasema, "Fupi, na la kawaida mno?" Nikasema ndiyo. Akashusha pumzi, kisha akasema, "Mwambie asiliandike popote. Aje aniambie mwenyewe. Nimemsubiri sana."

Kwa hiyo usiniandikie neno hilo, hata nikikuomba, na nitakuomba. Lilete. Pale mbao zilipo wazi patakuwa petu, Babu ameahidi. Kopo litakuja, Mama amekubali kuwa Jumamosi moja vifungo vipumzike. Na naapa, kwa kiapo kile kile cha foronya, sitakuuliza "umesikia?" Ukiwa umepata kitu nitakiona usoni mwako. Mwenye macho haambiwi tazama, na macho haya umenipa wewe.

Mdogo wako daima,
Chiriku

Mwalimu hapendi tuandike chini ya sahihi, lakini hili ni muhimu na nataka jibu lake kwa barua ya kwanza itakayotoka huko. Umesema sikio la kulia bado lipo. Siku ile, Dada, nisimame upande wako wa kulia, ili nikisema kitu kikufikie, au nisimame mbele yako, uione midomo yangu?